Ellyse Perry na nusu iliyobaki: kisa cha olraunda aliyeachwa nje ya timu

Tarehe 20 Januari 2022, katika uwanja wa Adelaide Oval, timu ya wanawake ya kriketi ya Australia ilitaja wachezaji 11 wa kuanza mfululizo wa Ashes, ushindani wao wa jadi dhidi ya Uingereza. Mechi ilikuwa ya T20, ova 20 kila upande, na kila ova ni mipira 6. Jina la Ellyse Perry halikuwamo. Hakuwa majeruhi wala hakuwa amepumzishwa. Wateuzi walikaa wakapiga hesabu zao, wakaona timu ina nguvu zaidi bila yeye.

Miezi 13 kabla ya siku hiyo, Desemba 2020, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilikuwa limemtangaza kuwa mchezaji bora wa kike wa muongo mzima. Akapewa pia tuzo ya bora wa muongo kwa mechi za ova 50, na ya bora wa muongo kwa T20, yaani mchezo ule ule aliokuja kuachwa.

Usiku ule Adelaide mambo yalikwenda kana kwamba yamepangwa kumwumiza. Tahlia McGrath, kijana aliyekuwa akifanya kazi ile ile ya kurusha mpira kwa kasi na kupiga, aliwatoa Waingereza 3 kwa mikimbio 26 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi). Halafu akashika gongo akapiga 91 bila kutolewa. Uingereza walikuwa wameweka 169. Australia wakazifikia katika ova 17 tu, kwa kupoteza wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu kutolewa. Wateuzi waliulizwa swali gumu, na uwanja ukawajibia.

Watu wengi walikifunga kisa pale pale. Ana miaka 31, mwili umechoka, amekula chumvi yake, awapishe vijana. Nimekifuatilia kisa hiki tangu siku hiyo na maelezo hayo hayajawahi kuniingia akilini. Kilichomtoa Perry kwenye timu ni hesabu za kazi yenyewe ya olraunda, kazi ambayo watazamaji wengi wanaitafsiri vibaya. Na kilichomrudisha ni kwamba alizisoma hesabu hizo vizuri kuliko wengi waliokuwa wakimtetea.

Kazi mbili, mwili mmoja

Kriketi ina kazi mbili kubwa. Kuna anayepiga, akitafuta mikimbio, na kuna anayerusha, akitafuta wiketi za wapigaji wa upande wa pili. Wachezaji wengi wana moja, ile nyingine wanaifanya kwa kubahatisha. Olraunda ni yule anayestahili kuitwa kwenye timu kwa kazi zote mbili. Ukiwa naye, ni kama umeingiza watu 12 uwanjani. Anakupa mpigaji wa ziada bila kukunyima mrushaji.

Ndiyo maana anapendwa, na ndiyo maana nafasi yake ni ya hatari kuliko inavyoonekana. Thamani yake ni jumla. Siku urushaji wake unapopungua, hakuna anayesema tuna nusu olraunda. Wanamweka kwenye mizani ya wapigaji watupu, ashindane na watu ambao maisha yao yote wamefanya kazi hiyo moja.

Perry alizoea kushika mengi tangu utotoni. Alizaliwa Novemba 1990 Wahroonga, kaskazini mwa Sydney. Julai 2007 alicheza mechi yake ya kwanza ya kriketi ya kimataifa, Darwin, dhidi ya New Zealand, akiwa na miaka 16. Hakuna Mwaustralia, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa ameichezea timu ya taifa ya kriketi akiwa mdogo kiasi hicho. Wiki mbili baadaye aliichezea timu ya taifa ya soka dhidi ya Hong Kong, akafunga bao dakika ya pili. Mwaka 2009 akacheza Kombe la Dunia la kriketi, na 2011 Kombe la Dunia la soka nchini Ujerumani. Kule Augsburg, robo fainali dhidi ya Sweden, alifyatua mguu wa kushoto kutoka nje ya eneo la hatari na mpira ukatulia wavuni. Australia walifungwa 3-1, lakini bao hilo bado linazungumzwa.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na mwaka 2012 klabu yake ya soka ya Canberra ilimwambia jambo hilo hilo kwa lugha ya ofisi: chagua. Akahamia Sydney FC, waliokuwa radhi kumwachia yote mawili. Aliweza kwa muda, kisha soka ikaponyoka taratibu. Mechi zake za timu ya taifa ya soka ziliishia 18. Naligusa hili kwa sababu moja tu. Mwaka 2022 haikuwa mara ya kwanza Perry kuambiwa huwezi kubeba vyote. Alikwisha kupita njia hiyo, na alijua kwamba kupungukiwa kitu kimoja si lazima kukumalize.

Mrushaji aliyejifunza kupiga

Kitu kinachosahaulika mno kuhusu Perry ni kwamba aliingia timu ya taifa kama mrushaji. Kupiga, alikuwa akiingia chini kabisa ya orodha, mahali pa watu ambao hakuna anayewategemea kwa mikimbio.

Fainali ya T20 ya dunia ya mwaka 2010, Bridgetown, Barbados, inamwonyesha alivyokuwa wakati huo. Ana miaka 19, nahodha anampa ova ya mwisho. Mpira wa mwisho kabisa, New Zealand wanahitaji mikimbio 5 kushinda, 4 kwa sare. Sophie Devine anaupiga kwa nguvu zote, chini chini, moja kwa moja kumrudia mrushaji. Ukipita pale, mbele yake ni nyasi tupu hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja. Perry bado anayumba kutokana na kasi ya kurusha, mikono haiwezi kufika chini kwa wakati. Anachomeka mguu wa kulia. Mpira unagonga kiatu, unabadilisha njia, unamwendea mwenzake Lisa Sthalekar aliyesimama karibu. Mkimbio mmoja tu. Australia mabingwa kwa tofauti ya mikimbio 3. Mguu ule ulikuwa wa mchezaji wa soka, na sijawahi kuona mfano mzuri kuliko huo wa kazi moja kuiokoa nyingine.

Miaka mitatu baadaye, Februari 2013, fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 dhidi ya West Indies, uwanja wa Brabourne mjini Mumbai. (Ukumbuke uwanja huo, tutaurudia.) Kifundo chake cha mguu kilikuwa kikimuuma kiasi kwamba alianza kukimbia ili arushe, akakatisha, akarudi nyuma, akaanza tena, akakatisha tena. Ungedhani anatolewa nje. Akabaki, akamaliza ova zake 10, akawatoa wapigaji 3 kwa mikimbio 19. Australia walishinda kwa mikimbio 114.

Kuanzia hapo upande wa gongo ukaanza kukua. Halikuwa jambo la mwaka mmoja. Alipanda orodha nafasi moja moja, kwa subira ya mtu anayejenga nyumba kwa mshahara. Novemba 2017, North Sydney Oval, katika Testi (mechi ndefu ya siku kadhaa) ya kwanza ya wanawake kuchezwa mchana hadi usiku, alikaa uwanjani kwa mipira 374 akapiga 213 bila kutolewa, akivunja rekodi ya Karen Rolton ya 209 kwa wanawake wa Australia. Akiwa na 194 alipiga mpira mrefu, akadhani ni sita, mikimbio ya mpira unaovuka kamba bila kudunda, akanyanyua gongo, akaanza kushangilia. Kumbe mpira ulidunda kidogo tu kabla ya kamba: ni nne, ana 198. Akavaa tena kofia yake ya kujikinga, akatulia, na muda mfupi baadaye akapiga nne nyingine, safari hii ya uhakika. Mia yake ya kwanza ya mechi za ova 50 haikuja hadi Februari 2019, zaidi ya miaka 11 tangu Darwin.

Mwaka huo wa 2019 ndio uliokuwa kilele. Julai, mjini Canterbury, aliirushia Uingereza akawatoa 7 kwa mikimbio 22. Timu nzima ya Uingereza ikaishia 75. Siku chache baadaye kwenye Testi ya Taunton alipiga 116, kisha 76 bila kutolewa. Kabla mwezi haujaisha akawa mtu wa kwanza duniani, wanaume wakiwemo, kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika T20 za kimataifa. Mizani ilikuwa imesimama sawasawa, kushoto na kulia.

Siku msuli ulipokatika

Tarehe 2 Machi 2020, uwanja wa Junction Oval, Melbourne, mechi ya mwisho ya makundi ya Kombe la Dunia la T20 dhidi ya New Zealand. Perry alijinyoosha ghafla kuurusha mpira ili amtoe mkimbiaji, akashika nyuma ya paja, akaanguka. Kano ya msuli ilikuwa imeachia, jeraha la kuhitaji upasuaji na miezi mingi ya kuuguza. Siku 6 baadaye, Machi 8, watu 86,174 walijaza MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, kutazama Australia wakiifunga India kwa mikimbio 85 katika fainali. Yeye alitazama akiwa pembeni, na magongo ya kutembelea.

Hapa nataka twende polepole, maana ndipo watu wanapokosea. Jeraha lile halikumwondoa kwenye timu. Alirudi uwanjani mwaka huo huo wa 2020. Lakini lilibadilisha kitu ambacho takwimu za haraka hazionyeshi. Mrushaji wa kasi anapokanyaga mguu wa mbele, ardhi inamrudishia uzito wake mara kadhaa, huku kiwiliwili kikijipinda. Ova moja ni mipira 6. Katika mechi za ova 50 unaruhusiwa ova 10, katika T20 ova 4. Mtu aliyechanika kano ya paja halafu akapata nafuu anaweza kurusha tena, ila nahodha anaanza kumhesabia. Ova 4 zinakuwa 2. Siku nyingine hazipo. Na Australia ya miaka hiyo ilikuwa na utajiri wa kutisha wa watu wa kurusha.

Basi urushaji ukapungua. Tukabaki na kupiga, na hapo palikuwa na tatizo ambalo sifa za miaka mingi zilikuwa zimelifunika.

Hebu tupige hesabu. T20 ina mipira 120 kwa kila timu. Mpigaji akitumia mipira 20 kupata mikimbio 20, amekula sehemu moja ya sita ya mipira yote, na kwa kasi hiyo timu nzima ingekomea 120. Kwenye Testi, mtu anayekaa kwa mipira 374 ni shujaa. Kwenye T20, subira ile ile ni mzigo kwa wenzake. Na Perry kwa miaka mingi alipiga T20 za kimataifa kwa kasi iliyozidi kidogo tu mikimbio 100 kwa kila mipira 100. Wakati yeye akirusha ova zake 4 na kutoa wiketi, hakuna aliyejali. Mikimbio yake ilikuwa nyongeza juu ya kazi nyingine.

Kuna jambo lingine la kumtendea haki. Kwenye ligi ya nyumbani, WBBL, akiwa na Sydney Sixers, alikuwa akifungua mchezo, yaani kuingia wa kwanza kupiga, anapata mipira mingi, ana muda wa kuanza taratibu kisha kuongeza kasi. Msimu wa 2018-19 alivuna mikimbio 777. Timu ya taifa haikumpa nafasi hiyo. Juu yake walikuwapo Alyssa Healy, Beth Mooney, Meg Lanning. Yeye aliingia chini, mara nyingi zikiwa zimebaki ova chache, mahali panapotaka mtu wa kupiga sita tangu mpira wa pili. Alipewa kazi ambayo hakuwa amejifunzia, na mizani ilipokuja akapimwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo wateuzi, Januari 2022, hawakuwa na ukatili wowote. Walikuwa na mpigaji wa taratibu kwa nafasi ya haraka, na mrushaji ambaye ova zake zimepungua. Kwenye Testi na kwenye ova 50 waliendelea kumchezesha bila wasiwasi. Nafikiri uamuzi wao ulikuwa sahihi, na nasema hivyo nikiwa mtu anayempenda mchezaji huyu kuliko karibu wote.

Mwaka wa benchi

Mambo yalizidi kuwa mabaya kabla ya kuwa mazuri. Machi 2022, katikati ya Kombe la Dunia la ova 50 nchini New Zealand, mgongo ulimkaza akakosa nusu fainali. Fainali ya Aprili 3 mjini Christchurch alicheza kama mpigaji tu, Healy akapiga 170, Australia wakawa mabingwa. Baada ya hapo ikajulikana mfupa wa mgongo una ufa, ule unaowapata warushaji wa kasi kwa kuurudia mzigo ule ule miaka na miaka. Kurusha kukasimama kabisa.

Hivyo alipokwenda Birmingham kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, Julai na Agosti 2022, alikuwa mpigaji mtupu katika kikosi kilichojaa wapigaji. Hakucheza hata mechi moja. Australia walichukua dhahabu kwa kuifunga India kwa mikimbio 9, naye akaivaa medali shingoni kama wenzake. Alikuwa akiwapelekea wachezaji vinywaji uwanjani, mtu aliyekuwa na tuzo tatu za muongo nyumbani.

Kocha mmoja wa mabinti hapa Nairobi aliwahi kuniuliza, tulipokuwa tukikizungumzia kisa hiki: wewe ungemwambia nini msichana wako aliye katika hali hiyo? Nikamjibu kwa haraka kwamba ningemwambia auguze mgongo arudi kurusha, maana ndipo alipoanzia. Leo naona nilikosea, na kosa langu ndilo wanalolifanya walimu wengi. Mgongo una saa yake. Huwezi kuuharakisha kwa bidii. Ungemweka msichana yule mwaka mzima akisubiri kitu kisicho mikononi mwake. Nusu iliyokuwa mikononi mwa Perry ilikuwa gongo, na ndani ya gongo ni kitu kimoja tu kilichopungua: kasi.

Ndicho alichokishika. Ukitazama picha za mechi zake za kabla ya 2022 na za baadaye, unaona tofauti kwa macho bila kuhitaji takwimu. Yule wa zamani anauendea mpira kwa mguu wa mbele, kiwiko juu, gongo limenyooka, anausukuma mpira katikati ya walinzi, pigo zuri la kitabuni, mkimbio mmoja. Yule mpya anasimama imara zaidi kwenye mguu wa nyuma, anafungua nyonga, anaubeba mpira angani juu ya vichwa vyao. Zamani alisubiri mpira mbaya ndipo aadhibu. Sasa anaadhibu hata mpira mzuri. Kwa mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa unadhifu, kukubali kuchafua pigo lake akiwa na miaka 31 si jambo dogo.

Kisha mlango ukafunguka, na haukufunguliwa na yeye. Agosti 2022 Meg Lanning alijipumzisha kwa sababu zake binafsi. Septemba Rachael Haynes akastaafu. Ghafla nafasi mbili za juu zikawa wazi. Ningemdanganya msomaji kama ningesema ni juhudi peke yake. Lakini bahati hii ingemkuta Perry wa 2021 isingemfaa kitu.

Desemba 2022 Australia walikwenda India kwa mechi 5 za T20. Mechi ya tatu ilichezwa tarehe 14, uwanja wa Brabourne, ule ule wa 2013. Healy alitoka mapema, McGrath naye mapema; Australia wana mikimbio 5 na wiketi 2 zimeshaondoka. Perry anaingia. Yule wa zamani angetulia kwanza, aokoe jahazi, na nisingemlaumu. Huyu alipiga 75 kwa mipira 47. Siku 3 baadaye, uwanja huo huo, akapiga 72 kwa mipira 42 bila kutolewa. Mechi zote mbili Australia walishinda, ya pili kwa mikimbio 7 tu. Miaka karibu 10 kabla ya hapo aliuteka uwanja huu kwa mpira, akichechemea. Sasa aliuteka kwa gongo.

Februari 2023, Kombe la Dunia la T20 likachezwa Afrika Kusini. Lanning alikuwa amerudi. Perry hakuondolewa. Tarehe 26 aliingia uwanjani Newlands, Cape Town, kwenye fainali iliyomalizika kwa Australia kuwafunga wenyeji kwa mikimbio 19. Miezi 13 tangu Adelaide.

Fedha zilivyomnunulia muda

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haihusu gongo wala mpira. Mwanamke mchezaji wa kriketi wa kizazi kilichomtangulia Perry alicheza kwa likizo ya kazini. Kama angeachwa nje ya timu akiwa na miaka 31 na mgongo mbovu, angerudi ofisini Jumatatu na habari ingeishia hapo. Nani angemlipa atumie mwaka mzima kubadili namna anavyopiga?

Mwaka 2017 wachezaji wa Australia na bodi yao walitia saini mkataba, baada ya mvutano mkali, uliopandisha jumla ya malipo ya wanawake kutoka dola milioni 7.5 za Australia hadi milioni 55.2 kwa miaka mitano. Ndizo fedha zilizofanya mwaka wa benchi uwe mwaka wa mafunzo. Alikuwa na mshahara, daktari, mtaalamu wa viungo, kocha wa kupiga, na ligi ya nyumbani ya kujaribia kila kitu. Novemba 2022 aliiongoza Sixers hadi fainali ya WBBL, wakafungwa na Adelaide Strikers kwa mikimbio 10. Kila pigo tulilolishangaa Mumbai mwezi uliofuata lilikuwa limejaribiwa huko. Nawafikiria mabinti wa Gahanga kule Kigali, wale wa Rwanda walioifunga West Indies kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 Januari 2023. Vipaji havina shaka. Siku mgongo wa mmoja wao utakapopata ufa, nani atamlipa akae mwaka akijifunza upya?

Soko nalo lilikuwa na lake la kusema. Februari 2023, kwenye mnada wa kwanza wa ligi ya wanawake ya India, WPL, Royal Challengers Bangalore walimchukua Perry kwa rupia milioni 17. Mwenzake Ashleigh Gardner, anayepiga na kurusha mipira ya kuzungusha, alikwenda Gujarat kwa rupia milioni 32. Wanunuzi walikuwa wameyaona yale ya Desemba, ila hawakuwa na hakika watapata nusu ngapi. Walilipia moja, na nyingine wakaiombea.

Delhi, Machi 2024

Msimu wa kwanza Bangalore walipoteza mechi 5 za mwanzo. Wa pili ulikuwa habari nyingine. Tarehe 4 Machi 2024, uwanja wao wa nyumbani wa Chinnaswamy, Perry alipiga 58 kwa mipira 37 dhidi ya UP Warriorz. Moja ya sita zake, akimpiga Deepti Sharma, ilivuka kamba ikaenda kupasua kioo cha gari la wadhamini lililoegeshwa kwa maonyesho. Aliweka mikono kichwani kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Baadaye wakamtunukia vipande vya kioo hicho vikiwa kwenye fremu.

Tarehe 12 Machi, Delhi, dhidi ya Mumbai Indians waliokuwa mabingwa watetezi. Urushaji, ile nusu iliyopotea, ulikuwa umerudi kwa kiasi kidogo. Nahodha Smriti Mandhana aliutumia kama mtu anayetumia akiba, siku moja moja. Siku hii alimpa mpira. Akamwangusha Sajana kwa kuzigonga nguzo, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji. Mpira uliofuata, Harmanpreet Kaur, nahodha wa Mumbai, nguzo tena, bila mkimbio hata mmoja. Amelia Kerr, mguu mbele ya nguzo, yaani mwili wake ulizuia mpira uliokuwa ukizielekea. Amanjot Kaur, nguzo. Pooja Vastrakar, nguzo. Nat Sciver-Brunt, mguu mbele ya nguzo. Wachezaji 6, na hakuna mdakaji hata mmoja aliyehitajika. Kila mmoja alikosea mpira uliokuwa ukielekea kwenye nguzo. Wiketi 6 kwa mikimbio 15, katika ova zake 4. Mumbai waliishia 113.

Kulikuwa bado na kazi ya kuzifikia 114, na Bangalore wakapoteza 3 wakiwa na 39. Perry alikuwa pale na gongo. Akapiga 40 kwa mipira 38, bila kutolewa, akiwa na Richa Ghosh, hadi mechi ikaisha. Nimeziangalia tarakimu hizo mara nyingi. Ni karibu kabisa na kasi ile ya zamani iliyomtoa kwenye timu. Tofauti ni kwamba mwaka 2021 alikuwa na kasi hiyo moja. Delhi aliichagua, kwa sababu lengo lilikuwa dogo na hatari ilikuwa kutoka, na siku 8 kabla yake alikuwa amepasua kioo cha gari.

Siku 3 baadaye, kwenye mechi ya kuwania kuingia fainali dhidi ya Mumbai hao hao, alipiga 66 kati ya mikimbio 135 ya timu nzima, wakashinda kwa 5. Tarehe 17 wakaikabili Delhi Capitals kwenye fainali, wakaizuia kwa 113, na wakati Richa alipopiga pigo la ushindi Perry alikuwa amesimama upande wa pili akiwa na 35 bila kutolewa. Lilikuwa kombe la kwanza la Royal Challengers, wanaume na wanawake kwa pamoja. Alimaliza na mikimbio 347, wa kwanza kwenye ligi nzima, akavalishwa kofia ya rangi ya chungwa anayovalishwa kinara wa wapigaji.